Kabla Gari Ijiendeshe, Jua Itasimamaje

Wasee wa magari, leo mtanikasirikia, lakini acha niseme: fundi akikwambia "nitaunganisha tu hizi waya," muulize kwanza hiyo waya ilikuwa inafanya kazi gani.

Pikapu ya mzee wangu ni ya 2006. Inabeba viazi kutoka Mau Narok, na mara nyingine inavifikisha hadi Nairobi. Iko na kruzi kontroli, ile kitu ya kushikilia spidi bila wewe kukanyaga mafuta. Ikaacha kushika. Taa yake kwa dashibodi inawaka vizuri, lakini ukibonyeza ishike, wapi!

Fundi wa kwanza aliangalia dakika mbili. "Kijana, hapa naunganisha tu waya mbili. Mia tano." Nikamwambia asante, nikaenda kusoma.

Kumbe juu ya pedeli ya breki kuna swichi ndogo, karibu saizi ya kidole gumba. Kazi zake ni mbili: kuwasha taa za breki, na kuambia kruzi iachilie mafuta. Ikiharibika, kruzi haiwezi kujua kama umekanyaga breki ama la, kwa hivyo inakataa kushika. Yaani haikuwa imekufa, ilikuwa inakataa kwa sababu ya maana. Ukiunganisha waya unaidanganya. Siku boda itaingia mbele yako pale Gilgil, wewe unakanyaga breki, yenyewe bado inavuta mafuta.

Nikamwambia sista asimame nyuma ya gari. Nikakanyaga breki.

"Umekanyaga?" akauliza.

Hapo ndipo nilinyamaza. Mzee amekuwa akishuka na mzigo usiku, lori nyuma yake, na hakuna taa ya kuonyesha anasimama. Sisi wa Nakuru tunaijua Salgaa na Sachangwan. Siwezi kuwaeleza zaidi.

Swichi mpya ilikuwa shilingi 1,200. Unatoa waya ya betri, unachomoa plagi, unalegeza nati, unaweka mpya, kisha unairekebisha hadi taa ziwake ukigusa pedeli tu na zizime ukiiachilia. Pima taa kwanza. Kruzi ujaribu baadaye, barabara ikiwa tambarare na haina watu. Mteremkoni achana nayo: kruzi za zamani, tangu enzi za Ralph Teetor, yule injinia kipofu wa Marekani aliyeibuni, zinajua kuvuta mafuta na kuyaachilia. Kufunga breki hazijui.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea injinia. Lakini kuuliza "hii kazi yake ni nini?" hakuhitaji digrii. Tumezoea sana kuziba kitu kinachotukataza, halafu tunasema tumetengeneza.

Kwa hivyo leo jioni, kabla mzee wako atoke na gari, simama nyuma umwambie akanyage breki. Ni bure.