Mkabilishemsi wa Sugoi



Jina la Sugoi wasomaji wetu wengi mmelisikia redioni, kwa kuwa ndiko kwenye maskani ya Rais William Ruto. Sisi hatukwenda huko kwa siasa. Tulikwenda, wazee wawili na kina mama watatu, kwa ajili ya mboga. Na ikiwa neno hilo litawachekesha baadhi yenu, tunaomba mtuvumilie.

Katika jamaa zetu wa Mombasa yuko kijana aliyeoa binti wa Kikalenjin wa sehemu hizo. Binti alisilimu kabla ya ndoa, akajifunza sala na kusoma, na akakaa na mavyaa yake kwa adabu. Shida ilizuka jikoni. Kila alipopata sokoni fungu la sagaa, ile mboga chungu ya kwao, na akaipika, mavyaa alionja tonge moja akasukuma sahani. Siku moja mboga ile ikamwagwa, na neno likatoka kwamba hayo ni magugu, si chakula cha watu. Binti hakujibu. Alipokwenda kwao kujifungua, arubaini ikapita, kisha ikapita miezi miwili mingine, na hakurudi. Alipoulizwa kwa simu alisema mtoto bado mchanga. Mume akatujia, na baada ya mashauri ikaonekana kuwa aliyemwaga mboga naye awemo katika safari. Wenyewe wametupa idhini ya kuyasimulia haya bila ya kutaja majina.

Njia ni ndefu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Eldoret ni nyingine zaidi ya 300, kupitia Nakuru na baridi ya Timboroa. Eldoret, mji ambao wenyeji huuita pia Sisibo kwa nambari 64 ya shamba la zama za walowezi, uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,000, na kina mama wetu waliokwenda na mabuibui mepesi walilijua hilo mapema. Kutoka hapo tulifuata njia iendayo Turbo na Malaba, kisha tukaingia Sugoi. Ni nchi ya mahindi, na kati ya mashamba ya mahindi ni malisho ya ng'ombe wa maziwa. Huko maziwa ndiyo nazi yao. Mtu asiyeelewa hilo hataelewa jiko lao.

Tulifika baada ya magharibi. Wenyeji wetu, ambao ni Wakristo, walikuwa wamefunga mbuzi nje na hawakumgusa, wakingoja mmoja wetu amchinje kwa mkono wake. Kwa kuwa giza lilikuwa limeingia, tukakubaliana aachwe hadi asubuhi. Walikwisha pia kufagia chumba kimoja na kutandika mkeka kwa ajili ya sala. Basi chakula cha usiku ule kikawa ugali, ambao wao huuita kimnyet, pamoja na maziwa na chungu cha mboga. Ilikuwa sagaa ile ile.

Tulimtazama mavyaa kwa pembe ya jicho. Akabismillahi, akamega, akachovya. Akamega tena. Hakusema kitu, lakini mkono haukusimama, na sisi sote tulikuwa tukila vivyo hivyo. Uchungu ulikuwapo, ila ulikuwa uchungu wa nyuma ya ulimi, kama wa kahawa nzuri, na mbele yake pametangulia utamu wa maziwa.

Asubuhi yake mama mwenye nyumba aliwaita kina mama jikoni, na sisi wanaume tukawekewa viti nje ya mlango, penye jua, tukisikia yote. Akaeleza. Sagaa huchumwa majani machanga na vikonyo laini tu. Shina gumu hutupwa. Huoshwa ikiwa nzima, kwa kuwa mboga ikikatwa kwanza kisha ikaoshwa, sehemu ya uzuri wake huondoka na maji. Huchemshwa kwa maji kidogo na chumvi hadi ilainike, na ikiwa chungu mno yale maji humwagwa. Hapo ndipo kazi huanza. Maziwa hutiwa, na malai ikipatikana, na chungu huachwa juu ya moto mdogo hadi maziwa yaingie katika majani. Kisha huepuliwa na kuachwa hadi kesho. Kesho huongezwa maziwa mengine na kupashwa tena taratibu. Wengine hufanya hivyo hadi siku ya tatu, na baridi ya kule huwasaidia. Joto letu la Pwani lingeiharibu mboga usiku mmoja, kwa hivyo asiye na jokofu asithubutu.

Halafu akasema neno ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lililoleta suluhu kuliko mawaidha yote tuliyokuwa tumeyaandaa. "Mama," alimwambia mavyaa, "mboga hii ikipikwa siku moja, hata sisi wenyewe haitupendezi." Ikabainika kwamba binti, kule Mombasa, alikuwa akiipika haraka haraka kama sukuma wiki: kitunguu, nyanya, mafuta, dakika kumi, tayari. Maziwa ya pakiti aliyaona ghali, na hakutaka kuonekana mfujaji katika nyumba ya watu. Kwa hivyo mavyaa hakuwahi kuionja sagaa kama wanavyoila wenyewe.

Tena hapikwi jani moja peke yake kila siku. Nyuma ya zizi tulionyeshwa sagaa, mnavu, ambao sokoni huitwa managu, na mchicha, yote yameota karibu karibu penye samadi. Chungu kikizidi uchungu, huongezwa mchicha, ambao ni mpole. Jirani zao Waluhya nao huchanganya mlenda na kunde, ili utelezi wa huu ulainishe ukavu wa ile. Yaani mpishi huoza majani kama watu wanavyoozwa, mkali kwa mpole. Na mzaha huu ulisemwa pale pale jikoni, mkaza mwana na mavyaa wakiwa wamekaa bega kwa bega.

Mmea ule una majani matano yaliyotandazwa kama vidole vya mkono, maua meupe, na maganda marefu membamba. Mama mmoja wetu, aliyekulia bara ya Kilifi, aliushika akauliza, "Huu si mwangani?" Naam, ndio. Wataalamu wa mimea ya vyakula vya Kenya, akina Patrick Maundu na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1999, wameorodhesha kwa Kiswahili majina ya mgagani, mwangani na mkabilishemsi, yaani unaolikabili jua. Wamijikenda huupika kwa tui. Basi kile kilichoitwa gugu la bara kilikuwa na jina la Kiswahili chenye Kiarabu ndani yake, na sisi tumelisahau. Mavyaa alilirudia jina hilo mara mbili, polepole.

Hapa yatupasa tuseme na kina mama wa kwetu kwa uwazi. Mapishi yetu ya mboga ni mazuri, lakini mikono imekuwa mizito. Mchicha, ulio laini kabisa, huchemshwa hadi ukawa kama tope. Magadi hutiwa ili ubaki kijani, na magadi hayo hayo huharibu sehemu ya vitamini. Mchicha hautaki hayo. Kaanga kitunguu, tia tui jepesi, tia mchicha, ukisinyaa malizia kwa tui zito huku ukikoroga ili lisikatike, na chumvi iwe mwisho, kwa kuwa mboga hupungua sufuriani na chumvi haipungui. Sukuma wiki ikatwe nyembamba sana, iingie katika mafuta ya moto, isifunikwe, itoke ingali na uhai. Kisamvu ni kinyume chake: hutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kifuniko, kwa sababu jani bichi la muhogo lina sumu ya sianidi, na hapa pupa haina nafasi. Matembele, ambayo wengine huita mtoriro, yanapenda ndimu. Kila jani lina haki yake.

Wataalamu wa lishe hutuambia kwamba mafuta, yawe ya nazi au ya maziwa, husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika majani, na kwamba ndimu husaidia kupokea madini ya chuma. Chai baada tu ya chakula hufanya kinyume: huyazuia madini hayo. Mwanamke mjamzito, na aliyetoka uzazini, aliweke hilo akilini. Chai yake isubiri saa moja.

Kuhusu adabu ya mezani hatuna haja ya kurefusha. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia kasoro chakula, akikitamani hukila, na asipokitamani hukiacha. Na Anas bin Malik (r.a.) alimwona kwenye karamu ya fundi cherehani akifuatisha vipande vya boga pembezoni mwa sahani, na tangu siku ile Anas akalipenda boga. Mboga ya maskini mshonaji wa nguo! Mavyaa anaijua hadithi hiyo, na hakuna aliyemsomea.

Zawadi zetu zilikuwa halua, tende na nazi sita. Jioni ya siku ya pili, mbuzi akiwa amekwisha chinjwa na kuliwa, mavyaa alisema anataka kupika. Mbuzi ya kukunia nazi haikuwapo. Alipoulizia mbuzi, wenyeji wakadhani anataka wachinje mwingine, na kicheko kilichofuata kilisikika hadi zizini. Nazi ikatolewa kifuuni kwa kisu, ikatwangwa kwenye kinu, ikakamuliwa kwa kitambaa safi. Mgagani ukachemshwa na maji yake kumwagwa, ukachanganywa na mchicha nusu kwa nusu, ukatiwa kitunguu, tui jepesi, kisha tui zito, na mwisho matone ya ndimu. Mama mwenye nyumba alionja kwa kijiko, akafikiri, akaonja tena, na akasema kuwa ni nzuri ila ndimu imezidi. Mavyaa hakukubali. Wakabishana kama ndugu.

Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya jadi katika orodha yake ya mifano bora duniani, na ni jambo la fahari. Sisi tulikuwa tukitazama kazi hiyo hiyo ikifanyika kwenye jiko la kuni, bila cheti.

Siku ya tatu binti alifunga mizigo yake mwenyewe. Hakuombwa mbele yetu, na kama kuna maneno yaliyosemwa baina ya wanawake wale wawili usiku, hayakutufikia, wala hatukuyauliza. Mavyaa ndiye aliyembeba mtoto hadi kwenye gari, na mapajani mwake katika njia yote ya kurudi palikuwa na pakiti ya gazeti yenye mbegu nyeusi za mkabilishemsi.

Mbegu zimeota katika madebe uani. Zinapochelewa, mavyaa hutuma mtu Kongowea, na humsisitiza alitaje jina la Kiswahili. Wauzaji hawalijui, humpa wanapoonyeshwa kwa kidole. Siku ya mboga, maziwa huingia kwanza, tui huingia mwisho. Ndimu huletwa mezani katika kisahani, kila mtu ajikamulie.