Nyembe za Little Valley

Nina nyembe za kukunja kumi na tisa. Zote zilitengenezwa Marekani kabla babu yangu hajazaliwa, na karibu zote zilitoka eneo moja: magharibi ya jimbo la New York, na ng'ambo kidogo ya mpaka, Pennsylvania. Nilianza kuzikusanya miaka niliyokaa kwa shangazi yangu mjini Buffalo, mji ambao Wakongo wengi wamehamishiwa. Wenzangu darasani huniuliza kwa nini mtu wa Uvira ahangaike na nyembe za wazungu waliokufa. Huwajibu kwamba baba yangu ni kinyozi. Hilo ni jibu la haraka tu.

Kusini mwa Buffalo, mwendo wa kama saa moja kwa gari, kuna kijiji kiitwacho Little Valley. Ukipita leo utaona barabara tulivu, nyumba za mbao na miti. Hapo ndipo J.B.F. Champlin, aliyekuwa mchuuzi wa visu, alipoanza biashara na mwanawe katika miaka ya 1880, ikaja kuitwa Cattaraugus Cutlery Company. Mkewe alikuwa wa ukoo wa Case. Mashemeji nao wakaingia kazini. John Russell, mwana wa William Russell Case, akaanzisha W.R. Case & Sons, ambayo tangu 1905 makao yake ni Bradford, Pennsylvania. Baadaye mabinamu wakafungua kampuni nyingine wakaiita Kinfolks, yaani watu wa ukoo mmoja. Kwa hiyo anayesoma maandishi kwenye shingo ya wembe wa huko ni kama anasoma nasaba: nani alioa wapi, nani alijitenga na nani.

Siasa pia ilichangia. Kabla ya hapo nyembe nzuri zilitoka Sheffield na Solingen. Sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka 1890 ilipandisha bei ya bidhaa za nje, tena ikadai ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Viwanda vya Marekani vikapata nafasi ya kupumua, nasi wakusanyaji tukapata alama ya kukisia umri.

Nafasi yenyewe haikudumu. Mwaka 1903 King Gillette alianza kuuza wembe wake wa kubadilisha, na katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Marekani wakagawiwa nyembe za aina hiyo. Mtu aliyerudi kutoka vitani akiwa amezoea kutupa wembe na kuvalisha mwingine, nani angemrudisha kwenye kinoo na ukanda wa ngozi?

Wakusanyaji wengi hutafuta wembe usiowahi kutumika, ulio ndani ya kasha lake. Kwa kweli mimi sioni raha yake. Naupenda ule ulionolewa mpaka ubapa ukapungua upana. Ninao mmoja wa Cattaraugus, nilioununua dola kumi na mbili kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, ambao makali yake yamelika zaidi upande wa ncha. Mwenyewe alikuwa na mkono mzito upande huo, na kila asubuhi alirudia vilevile. Jina lake silijui, ila mkono wake naujua.

Taabu yangu kubwa ni mipini. Mingi si ya pembe wala ya mfupa, bali ya seluloidi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi pamoja na kafuri. Waliikandamiza kwa joto kwenye kalibu zenye maua, mashada ya zabibu na tausi, ikapendeza mno. Lakini seluloidi huoza. Huanza kutoa jasho, kisha nyufa, kisha mvuke wa asidi unaokula chuma kilichokunjwa ndani yake. Haukomi hapo: ukiziweka nyembe kumi kwenye kisanduku kimoja, mpini mmoja mgonjwa unaweza kuzitia kutu zote.

Mwaka jana wembe wangu wa Geneva Cutlery, kampuni ya mji wa Geneva huko huko New York, ulianza. Mpini wake una rangi ya asali, na unapitisha mwanga. Nilipofungua kisanduku nilinusa kafuri, harufu ambayo kwetu huhusishwa na maiti. Wataalamu wa mnada husema wembe bila mpini wake wa asili hauna thamani. Kuuacha mpini ni kuupoteza ubapa. Kuung'oa ni kuuvunja wembe uliokaa mzima miaka mia.

Nilimpigia baba simu. Yeye hukata wembe wa dukani vipande viwili, akapachika kimoja kwenye kishikio cha kukunja, akamaliza vichwa kadhaa, akakitupa. Nilimweleza yote. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, kinachonyoa ni kipi?"

"Chuma, baba."

"Basi unaniuliza nini?"

Nilikata zile pini mbili za shaba kwa tupa ndogo, polepole, jioni nzima. Ubapa nikaupaka mafuta. Mpini sikuutupa, baba asingenielewa hapo. Nimeufunga kwenye karatasi na kuuweka juu ya kabati, mbali na nyingine, penye hewa, na kila wiki naukuta umepungua kidogo.