Kaya ya Watu Sita

Mwandikishaji alifika nyumbani asubuhi moja ya Juni 2021, pikipiki imejaa vumbi, simu mkononi. Akaamkia, "Mwangaluka, mayu," akapewa kigoda. Mimi nilikuwa nimeingia usiku kutoka Mwanza kuja kuchuma pamba ya mwisho, na kwa kuwa ndiye mwenye shule kidogo, mama akaniketisha karibu nisikilize kwa niaba yake.

Maelezo yalikuwa mepesi. CHF iliyoboreshwa: kaya moja, 30,000 kwa mwaka, watu wasiozidi sita. Ile ya zamani, iliyoanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ilikufunga kwenye zahanati yenu. Hii, ukiwa na rufaa, inakufikisha mpaka hospitali ya mkoa. Picha zinapigwa hapo hapo.

"Mko wangapi?"

Mama akahesabu kwa vidole. Kumi na moja.

Tatizo lilianzia kwenye neno lenyewe. Kwa Kisukuma kaya ni nyumbani, mji mzima. Kwetu hapo nje kidogo ya Bariadi kulikuwa na mama, kaka na mkewe, watoto wao wanne, watoto wawili wa marehemu dada, shangazi aliyerudi ndoa ilipovunjika, na kijana wa kuchunga ng'ombe ambaye hakuna anayekumbuka undugu wake unaanzia wapi. Chungu kimoja. Sasa nani umwache nje ya kadi?

"Mnaweza kukata kadi mbili," yule kijana akasema kwa upole. Hiyo ni 60,000. Kilo zetu zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari la AMCOS, hela bado. Ndani kulikuwa na 34,000. Mama alizihesabu mara mbili mbele yangu.

Mtoto mdogo akatolewa kwanza, maana walio chini ya miaka 5 sera inasema watibiwe bure. Mama, miaka 63, akadakia: "Na mimi mzee, wa bure. Nitoeni." Wote tulijua bure ile ikoje: kuonwa unaonwa, halafu unaandikiwa karatasi uende duka la dawa. Hakuna aliyembishia. Kaka akajitoa. Shangazi akajitoa, ila kwa kununa. Yule mchungaji hata hakuitwa zizini kuulizwa.

Wakabaki sita: shemeji, watoto wake watatu, wa dada wawili.

Ndipo mama akanigeukia. "Kadi yako ya kazini si inaweka wazazi?"

Inaweka. Mimi ni mwanachama wa NHIF, nakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3. Nayo ina sita zake: mimi, mwenzi, wategemezi wanne. Watoto wangu watatu. Nafasi moja.

"Imejaa, mama."

"Imejaa nani?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia: mama mkwe, ana sukari, kila mwezi ni dawa. Tulipokuwa tunajaza fomu mke wangu alilia, na mama yangu alikuwa mzima, analima. Ndivyo nilivyopiga hesabu: anayeumwa aingie, mzima asubiri. Hesabu ile ile iliyokuwa inafanyika sasa mbele yangu, tofauti ni kwamba hawa waliifanya wakitazamana usoni.

Mama akasema "haya", akaenda kumnawisha mjukuu uso apigwe picha.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, kazini watu walibishana bei wiki nzima. Mimi nilikuwa naisoma nikitafuta neno moja tu, mtegemezi.

Lakini narudi nyuma. Agosti ya mwaka ule nilituma hela ya kadi ya pili: mama, kaka, shangazi, kijana wa ng'ombe. Jioni mama akapiga. Hakugusia hela. Aliuliza sukari ya mama mkwe inaendeleaje, na kama anakula uwele, maana yeye anao magunia mawili na basi la asubuhi lingeweza kuuleta.