Kulala New Jersey, Kuchuma New York

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukikunja mikeka baada ya hitima, kijana mmoja mgeni alinijia akaniuliza: "Ami, nimepata kazi Manhattan, lakini kodi ya nyumba ya huko siiwezi. Naambiwa wewe wakaa Trenton na kila siku waenda na kurudi. Yawezekana?" Nilikuwa na haraka ya kumrudisha binti yangu nyumbani, nikamjibu neno moja tu: "Yawezekana." Tangu siku ile neno hilo linanikera. Si uongo, lakini si jibu. Namshukuru mhariri kwa kunipa nafasi ya kulikamilisha.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Kuvuka maji kwenda kazini si jambo geni kwangu. Marehemu baba yangu alivuka kwa feri kila alfajiri kwenda bandarini Kilindini, akarudi magharibi. Na kwa kuwa aendaye kwa miguu hatozwi nauli katika feri ile, sikupata kufikiri kwamba njia ya kwenda kazini nayo yaweza kuwa na bei. Nilipoanza safari hizi mwaka 2011 nilijiambia kwamba Mto Hudson ni Likoni nyingine, ila hapa mtu hupita chini ya maji badala ya juu yake. Mama yangu, ambaye tangu feri ya Mtongwe izame Aprili 1994 na kuchukua roho za watu zaidi ya 270 hapendi kabisa habari za kuvuka, alinyamaza kitambo kwenye simu, kisha akauliza: "Mwanangu, na humo chini mlango wa kutokea u wapi?" Nikageuza maneno.

Basi, kijana wangu, safari yenyewe ni hii. Natoka nyumbani saa kumi na moja na robo alfajiri. Gari la moshi huanzia Trenton, kwa hiyo kiti hakikosekani, na hiyo ni neema ambayo wapandao mbele ya safari hawaijui. Wako na wenzetu watokao Pennsylvania, ng'ambo ya Mto Delaware, ambao hufika Trenton kwa treni nyingine na kubadili hapo; hao huvuka mipaka miwili ya majimbo kabla ya kunywa chai. Tunapita Hamilton, Princeton Junction, New Brunswick, Metropark, Rahway, Elizabeth, Newark, kisha Secaucus kwenye mabwawa ya matete, na mwisho tunazama. Toka mlango wangu hadi chumba cha mitambo ninakofanya kazi, katika jengo moja la ofisi ambalo viyoyozi vyake ndivyo riziki yangu, ni saa mbili na robo. Kurudi ni vivyo hivyo. Kwa wiki 48 za mwaka hufikia saa 1,080, yaani siku 45 kamili, mchana na usiku, nimeketi nikitazama mgongo wa kiti cha mbele.

Fedha nazo ni lazima nizitaje, maana ndizo alizoniuliza bila kuzitaja. Tiketi ya mwezi kutoka Trenton ni zaidi ya dola 500. Mwezi Julai 2024 nauli zilipanda kwa asilimia 15 kwa mara moja. Hata hivyo, ukijumlisha nauli na kodi ya nyumba ya Trenton, bado hufikii kodi ya vyumba viwili vya Manhattan. Muulize mwajiri wako juu ya kulipa nauli kabla mshahara haujakatwa kodi ya serikali: sheria ya jiji la New York, tangu mwaka 2016, huwataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi wa kutwa, wasio chini ya mkataba wa chama cha wafanyakazi, watoe nafasi hiyo. Mimi nilipitwa nayo miaka miwili kwa sababu ya kuona haya kuuliza.

Na kodi ya mapato, tafadhali usifanye nilivyofanya. Mwaka wa kwanza nilimpelekea fomu zangu mtu mmoja aliyejiita mtaalamu, akaniandikia za New Jersey tu. Baadaye ikanijia barua kutoka New York yenye deni na faini juu yake. Kanuni ni kwamba New York hutoza mshahara uliochumwa New York, hata kama mchumaji halali huko. New Jersey nayo humtoza mkazi wake kwa mapato yake yote, kisha humpunguzia kwa ajili ya kile alichokwisha kulipa ng'ambo. Kwa hiyo ni fomu mbili, na ile ya New York huandikwa kwanza ili hesabu yake iingie katika ile ya pili. Kodi ya mapato ya jiji lenyewe haimhusu asiyeishi jijini.

Hayo yote yana dawa. Lililonitia mkono kwenye kalamu ni jingine.

Mahandaki yetu ya Hudson ni mawili, kila moja lina reli moja, na yalifunguliwa mwaka 1910. Mradi wa kuongeza mengine ulianza mwaka 2009 ukavunjwa mwaka uliofuata. Kimbunga Sandy cha Oktoba 2012 kiliyajaza maji ya chumvi, na chumvi ile ilibaki ikila saruji na nyaya hata baada ya maji kutolewa. Kwa upande wa New Jersey, juu ya Mto Hackensack, kulikuwa na daraja la mwaka huohuo wa 1910, lililozunguka kupisha vyombo vya mtoni na ambalo mara nyingine lilikataa kurudi mahali pake. Reli mbili tu, basi. Moja ikishikwa na kikohozi, jimbo zima hulala na homa.

Jioni moja ya Februari, miaka mitatu iliyopita, tulisimama katika matete yale kwa zaidi ya saa mbili. Mke wangu akapiga simu: binti yetu amebanwa na pumu, dawa ya kuvuta haisaidii. Gari letu nilikuwa nimeliacha stesheni. Niliweza kuziona taa za Newark dirishani, lakini milango ilikuwa imefungwa, na hata ingefunguliwa ningeshuka kwenye tope. Jirani yetu, mama mmoja wa Lubumbashi ambaye Kiswahili chake mimi hukitania, ndiye aliyewabeba hadi hospitali. Nilifika saa tano usiku. Mtoto alikuwa amelala na barakoa usoni, na yule mama ameketi kando yake akimshika mguu. Hakunilaumu. Alinipisha kiti tu.

Wiki chache baadaye mwalimu aliwataka wanafunzi wachore nyumba zao na wakaao humo. Binti yangu alichora nyumba, mama yake mlangoni, na pembeni kabisa mwa karatasi behewa lenye dirisha moja, nami ndani yake. Nilicheka. Usiku sikulala.

Niliomba kazi katika ghala moja karibu na Trenton. Mshahara ulipungua kwa kiasi cha theluthi, na bima ya afya ilikuwa hafifu. Kwa mtoto mwenye pumu sikuthubutu. Nikabaki. Tulichobadilisha ni kidogo: kila asubuhi napanda behewa lisilo la kimya, na tukiiacha Newark nampigia simu. Ndiyo saa yake ya kuamka. Sharti letu ni Kiswahili kitupu mpaka mdomo wa handaki. Hunisimulia ndoto, hunisahihishia majina ya stesheni, huchanganya ngeli ovyo. Ni dakika kumi na kitu. Siku treni ikiwahi, hulalamika kwamba nimemwibia.

Sitaki kumwambia kijana yule aje Trenton, wala asije. Jumatatu, saa kumi na moja na nusu, nitakuwa jukwaani, upande wa mbele. Aje na tiketi yake, na koti zito, maana alfajiri pale kuna upepo.