Nyumba Yenye Jina la Mutu Mwingine



Kama unakaa Mutoshi ama kartiye nyingine ya Kolwezi, na hauna lupango lako, unajua namna tunavyoishi. Mwenye nyumba anapiga hodi asubuhi: mwezi unaokuja bei inapanda. Ukilalamika, anakuonyesha nyumba ya jirani, anayepangisha watu wa kampuni. Mimi na bibi yangu tumepanga miaka 11, katika nyumba nne.

Basi mama mumoja mujane, jirani yetu wa zamani, aliponiambia anauza nyumba yake, sikulala usiku ule. Matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, muembe ndani ya lupango, na bei ambayo hata muchungaji anaweza kuifikiria. Niliona mukono wa Mungu. (Sisi wachungaji tunauona upesi sana pale bei ni ya chini.)

Bibi yangu aliniuliza neno moja tu: "Karatasi iko na jina ya nani?"

Halikuwa jina la yule mama, wala la mume wake marehemu. Lilikuwa jina la baba mumoja wa Kasai. Pamoja na karatasi hiyo kulikuwa na ukurasa wa daftari, umeandikwa kwa mukono mwaka 1993, na sahihi mbili chini yake. Hiyo ndiyo ilikuwa hati ya kuuza.

Wewe kijana uliyezaliwa kisha mwaka 2000, labda hawakukueleza. Tangu zamani Union Minière ilileta watu wa Kasai kufanya kazi katika migodi yetu. Walizaa hapa, wakazika hapa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka, na kila nyumba ilikula. Halafu mugodi wa Kamoto ukaporomoka mwezi wa Septemba 1990, mashine zikakosa vyuma, mishahara ikachelewa. Njaa ikatafuta mutu wa kumulaumu, na wanasiasa wakamuonyesha. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Nilikuwa mutoto, lakini stesheni naikumbuka: watu wamelala chini na sufuria zao, wakingoja treni, na wengine walikufa kabla haijafika. Siku zile nyumba ilikuwa na bei ya mutu anayekimbia. Tulisikia za kutolewa kwa mifuko ya unga na nauli.

Kisha hapo bei zilikaa chini miaka mingi. Nani angenunua? Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika ile tuliyoita kuondoka kwa mapenzi. Lakini sheria mupya ya madini ya 2002 ilikuwa imefungua mulango kwa makampuni, kobalti ikatafutwa na dunia nzima, na mwaka 2015 Kolwezi ikawa muji mukubwa wa Provinsi ya Lualaba. Bei zikafufuka. Kule Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao, na mwaka 2017 jamaa mamia zilihamishwa, kampuni ikaingia. Tangu hapo mununuzi anauliza kilicho chini ya lupango. Usidanganywe na muuzaji anayekuuzia "mawe" pamoja na nyumba: kwa sheria madini ni ya serikali, hata kama lupango lina jina lako.

Na sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema haki ya lupango inasimama juu ya sertifika ya kuandikisha. Ukurasa wa daftari, hata karatasi ya shefu wa kartiye, ni ushuhuda tu. Tena, usinunue kwa baba peke yake kama mama hajatia sahihi. Sheria ya jamaa ya 1987 inawataka wote wawili. Na baba mudogo akikuuzia nyumba ya yatima, kimbia. Watoto ndio warithi wa kwanza.

Mutu mumoja anayejua njia za maofisi alinishauri: "Pasta, tengeneza karatasi mupya. Yule muzee hatarudi." Nakiri, siku mbili nilimusikiliza.

Siku ya tatu nilikuwa natayarisha somo la Yeremia, sura ya 32. Nabii alinunua shamba la Anatoti wakati Wababeli walikuwa wamezunguka Yerusalema. Ile nayo ilikuwa saa ya bei ya chini. Lakini alipima feza, shekeli 17, mbele ya mashahidi, na hati zikatiwa ndani ya chungu zipate kudumu. Na muuzaji, Hanameli, alikuja mwenyewe kwa miguu yake. Nikafunga kitabu.

Kwa njia ya ndugu wa kanisa huko Mwene-Ditu tulitafuta wiki tano. Mutoto wa yule baba akanipigia simu. Baba yake alishakufa. "Alituambia aliiuza," akasema. "Alituambia pia kwamba hakuwa na namna ya kukataa." Akaomba kusema na mama mujane, si na mimi.

Mama alilia kwa hasira. "Pasta, siye hatukuiba! Mume wangu alitoa vyote vyenye alikuwa navyo." Hilo pia lilikuwa kweli, ile mwaka hakuna aliyekuwa na kitu. Lakini alichukua simu. Walisema siku mbili za Bwana, nami nilikaa inje chini ya muembe.

Walipatana. Wale wa Mwene-Ditu watapata fungu, na watatuma mamlaka ili karatasi zifanyike sawasawa. Lakini ili mama naye abaki na kitu, ilibidi bei ipande, na ilipopanda ilipita nguvu zetu. Ndipo nilielewa kwa nini ilikuwa chini. Kulikuwa na jina moja ambalo hakuna aliyelihesabu, na punguzo lile lingekuwa langu.

Nyumba ilinunuliwa na fundi mumoja wa umeme. Siku ya kutia sahihi waliniita niwe shahidi, nikaenda. Kurudi, nilimukuta bibi yangu akihesabu feza yetu juu ya meza. Alisema inatosha matofali elfu mbili, tukipata mahali pa kuyaweka.

Jana mwenye nyumba alipiga hodi tena.