Hukumu ya Valvu

Kosa lina tabia ya kujificha nyuma ya asiye na hatia. Neno hili nimelisadiki zaidi katika matengenezo ya redio za valvu, kazi niipendayo nyakati za jioni, kuliko katika vitabu vya hekima nilivyovisoma.

Ndani ya redio hizo mna kitu kidogo kiitwacho kapasita. Zile za zamani zilifanywa kwa mikanda miwili myembamba ya madini iliyotengwa kwa karatasi yenye nta, ikaviringishwa pamoja kama mkeka. Mojawapo imewekwa bawabu kati ya valvu mbili: mawimbi ya sauti huyapisha, na umeme mnyoofu wa volti 100 au zaidi huuzuia. Lakini hewa ya pwani ina unyevu, na karatasi huunywa. Miaka ikipita, bawabu husinzia. Volti chache huponyoka zikaingia katika gridi ya valvu ya mwisho, ile iendeshayo kipaza sauti. Valvu hupitisha mkondo kuliko kiasi chake. Sauti hukwaruza, kioo huwaka joto, na mwisho wake ni kufa, pengine pamoja na transfoma iliyo mbele yake.

Jirani yangu mmoja wa Tanga, mzee aliyestaafu, alirithi kwa baba yake redio ya mwaka 1959. Valvu yake ya mwisho, EL84, ilikuwa imebadilishwa mara mbili katika mwaka mmoja, kila mara kwa fedha ya pensheni. Ya tatu ilipoanza kukwaruza, fundi wake alimshauri aitupe redio. Mzee aliniletea akasema, "Mwanangu, ikiwa imekufa niambie nizike, ikiwa inaumwa, itibu."

Niliiwasha, nikaweka ncha moja ya mita kwenye chasisi, na ya pili kwenye gridi ya valvu ile. Palipopasa kuwa na sifuri palikuwa na volti 12 chanya. Hapo ndipo penye njia panda, maana valvu mbovu nayo yaweza kuleta dalili hiyo hiyo. Nilizima, nikachomoa waya ukutani, nikangoja kapasita kubwa za kuchuja umeme ziishiwe, nikazipima kabla ya kutia mkono. Kwani hizo huweza kushika umeme wa kuua hata redio ikiwa imezimwa. Kisha nilifungua mguu mmoja wa kapasita ya karatasi, ule ulioungwa na gridi, nikawasha na kupima tena. Volti zilikuwa zimetoweka. Kama zingalibaki, valvu ingalihukumiwa kwa haki. Zilipotoweka, mshtakiwa aliachiliwa, na bawabu akajulikana.

Nilitia kapasita mpya ya plastiki, ya maikrofaradi 0.01 kama ile ya kwanza, iwezayo kustahimili volti 630. Valvu iliyotuhumiwa ingali kazini hata leo.

Mzee alikuwa amelipa mara mbili, na karibu apoteze urithi wake, kwa kosa la kitu kisichofika urefu wa kidole. Walioshutumiwa ni valvu, kwa sababu joto lake lilionekana, na uzee, kwa sababu hauwezi kujitetea. Apimaye kwanza hupoteza nusu saa yake. Ahukumuye kwanza hupoteza mali ya wengine.