THANOS ALITOA KAFARA, NATASHA ALIJITOA. USICHANGANYE!

Wadau wa muvi mnaikumbuka Vormir? Ile sayari yenye mwamba mrefu ambako Jiwe la Roho linapatikana, na sharti lake ni moja tu: umpoteze unayempenda.

Kwenye Infinity War ya 2018, Thanos anafika pale na binti yake wa kulea, Gamora. Machozi yanamtoka kabisa, halafu anamburuta na kumtupa chini. Jiwe anapata. Mwaka 2019 kwenye Endgame, Natasha na Clint wanafika mwamba uleule, sharti lilelile. Hawa wanapigana, kila mmoja anataka afe yeye ili mwenzake arudi nyumbani. Mwisho Natasha ananing'inia kwenye mkono wa Clint, anamwomba amwachie, anajisukuma kwa mguu, anaenda.

Jiwe ni lilelile. Ila wa kwanza katoa kafara, wa pili kajitoa.

Waliokulia kwenye muvi za Kinaijeria kafara wanaijua vizuri. Living in Bondage ya 1992, Andy anamtoa mke wake Merit ili apate utajiri. Hela zinakuja, na mzimu wa mke nao unakuja. Ndio kafara iliyopo vichwani mwa wengi: mmoja anakufa, mwingine anatajirika.

Msalaba umeigeuza hiyo. Kwenye Injili ya Yohana, Yesu anaweka wazi kwamba uhai wake hanyang'anywi na mtu, anautoa mwenyewe. Natasha anafanana naye hapo tu, maana mtakatifu hakuwa. Alifundishwa kuua tangu mdogo na alikuwa na deni la damu. Yesu, kwa imani ya Wakristo, alilipa deni ambalo halikuwa lake.

Sasa hii ishu haiishii kwenye muvi. Kuna dada mmoja wa Mbagala alitolewa shule kidato cha pili ili kaka yake amalize chuo, ada haikutosha watoto wawili. Kikao walikaa wazee na mjomba, yeye alikuwa jikoni anapika chai yao. Kaka kamaliza, kapata kazi nzuri, na kila sherehe ya familia anashika maiki anasema, "Mdogo wangu alijitoa kwa ajili yangu." Watu wanapiga makofi, shangazi wanafuta machozi.

Mwaka jana dada akajibu palepale: "Kaka, mimi sikujitoa. Mlinitoa."

Ukumbi kimya. Wengine wakamuona hana shukrani, kwamba kamwaibisha kaka mbele za watu. Kaka mwenyewe hakununa. Wiki ile alimfuata kwake akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: anataka nini? Akasema shule. Leo anasoma QT jioni, ada analipa kaka, na saa hizo za masomo kaka ndiye anayebaki na mtoto wake, anamlisha na kumlaza.

Miaka haijarudi, na dada hajasema kasamehe yote. Ila maiki kaka kaiweka chini.

Thanos naye alilia, jamani, na Gamora hakurudi. Kwa hiyo kabla hujamsifia mama, dada au mkeo kwamba kajitoa kwa ajili yako, kumbuka vizuri: kuna mtu aliyemuuliza?